Kubana data za jenomu: mzigo uko kwenye alama za ubora, si kwenye herufi

Mkuu, umesema seva yenu imejaa FASTQ za gzip (faili za vipande vya DNA kama vilivyotoka kwenye mashine, zilizobanwa) na BAM (vipande hivyohivyo vikishapangwa juu ya jenomu rejea, yaani jenomu ya mfano) za jenomu za binadamu, fedha za diski nyingine hakuna, na kuna wazo la kufuta vyote mbaki na VCF, orodha ya tofauti za mtu na jenomu rejea. Nakuomba uwazuie. VCF inaonyesha tofauti ambazo programu ya leo imezikubali, basi. Pale isipoandika kitu, huwezi kujua kama mtu huyo kweli hana tofauti au sehemu hiyo haikusomwa vya kutosha. Na ikija mbinu bora zaidi ya kutafuta, tuseme, vipande virefu vya DNA vilivyofutika, hamtakuwa na kitu cha kuchambua upya.

Nimetunza data za aina hii kwa muda mrefu, na kilichonisaidia kuliko vyote ni kujua nafasi inaliwa na nini. Kila kipande kilichosomwa na mashine kina jina lake, herufi zake za A, C, G na T, na alama ya ubora kwa kila herufi. Wengi hudhani mzigo ni herufi. Herufi ndizo nyepesi! Ziko nne tu, kwa hiyo biti 2 zinaitosha kila moja, na vipande vikishapangwa juu ya jenomu rejea, karibu vyote vinafanana nayo. CRAM, muundo wa faili unaoweza kuchukua nafasi ya BAM, imejengwa juu ya jambo hilo: inaandika kipande kinaanzia wapi na kinatofautiana wapi na rejea. Wazo hilo lilichapishwa mwaka 2011 na watafiti wa EBI, taasisi ya Ulaya ya bioinformatiki iliyoko Uingereza. Majina nayo hujirudia sana, yanabanika. Zinazobaki ni alama za ubora, na hizo ndizo hujaza sehemu kubwa ya CRAM.

Alama ya ubora ni makadirio ya mashine kuhusu uwezekano wa kukosea: Q20 ni kosa 1 katika herufi 100, Q30 ni 1 katika 1,000, Q40 ni 1 katika 10,000. Mashine za zamani za Illumina, kampuni ya mashine za kusoma DNA, zilitoa viwango kama 40, vikipanda na kushuka bila utaratibu unaotabirika, na kisichotabirika hakibaniki, utumie programu yoyote. NovaSeq 6000, mashine yao mpya kuliko hizo, inaandika viwango 4 tu: 2, 12, 23 na 37. Kwa hiyo swali la kwanza ni data zenu zimetoka mashine gani. Kama ni NovaSeq, upunguzaji wa viwango ulishafanyika ndani ya mashine; hamisheni kwenda CRAM na msiguse alama tena.

Kama ni za mashine za zamani, uamuzi wa kupunguza viwango vya alama ni wenu, na mimi huupima hivi: nachukua sampuli ya HG002 ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ambayo tofauti zake za kijeni zimeshathibitishwa, iliyosomwa na mashine ya aina ileile. Naipitisha kwenye programu ya kutafuta tofauti ikiwa na alama kamili, kisha alama zikiwa zimepunguzwa, halafu nalinganisha majibu yote mawili na orodha ya NIST. Kwa jenomu iliyosomwa mara 30 (yaani kila sehemu yake imefunikwa na vipande 30 kwa wastani), kuweka alama kwenye makundi machache kwa kawaida hakubadilishi majibu kiasi cha kukusumbua. Ila kwa saratani, unapotafuta mabadiliko yaliyomo kwenye seli chache, au kwa DNA ya kale, au kwa jenomu iliyosomwa mara chache, mimi siruhusu mtu aguse alama hata moja. Huko kila herufi ni shahidi, na uzito wa ushahidi wake ndio hiyo alama.

Kabla ya hayo yote, angalia BAM zenu kama zina tagi ya OQ. Baadhi ya mifumo husahihisha alama kisha huhifadhi na zile za awali pembeni, na mnajikuta mnatunza seti mbili. Amueni seti moja ya kubaki nayo.

Sasa hatari ya CRAM: bila rejea ileile haisomeki. Kusema “GRCh38”, jina la toleo la jenomu rejea ya binadamu, hakutoshi, kwa sababu kuna matoleo ambayo sehemu za kromosomu Y zimefunikwa kwa herufi N (isiyojulikana) na mengine hazijafunikwa. CRAM inatambua kila kromosomu kwa MD5 yake (msimbo mfupi unaokokotolewa kutokana na maudhui yake), iliyoandikwa kichwani mwa faili. Tunzeni faili la rejea pamoja na data, na nakala yake mahali pengine. Ni gigabaiti 3 hivi, haliwezi kuwaumiza. Toleo la CRAM 3.1 linabana zaidi ya 3.0, lakini hakikisheni kwanza programu zenu zote zinalifungua.

BAM futeni mkishaiona CRAM inafunguka na idadi ya vipande imelingana. FASTQ zinahitaji uangalifu zaidi. Kama adapta (vipande vya DNA vinavyobandikwa maabara ili mashine isome) zilikatwa kabla ya kupanga vipande, au vipande visivyopata mahali kwenye rejea vilitupwa, au nakala rudufu za kipande kilekile ziliondolewa badala ya kutiwa lebo tu, basi FASTQ ya awali haiwezi kurudishwa kutoka kwenye CRAM. Vile visivyopata mahali ndivyo hubeba virusi na uchafuzi wa sampuli, msividharau. Hesabu vipande kwa programu ya samtools, amri samtools view -c -F 0x900, ulinganishe na FASTQ, kisha itoe FASTQ upya kutoka kwenye CRAM, panga mistari ya herufi na alama kwa utaratibu mmoja pande zote mbili, na linganisha MD5. Zikifanana, futa FASTQ bila wasiwasi.

Na kwa viumbe mlivyovitaja ambavyo bado havina jenomu rejea, jaribuni programu ya SPRING. Inabana FASTQ moja kwa moja kwa kusogeza pamoja vipande vinavyoingiliana. Inakula kumbukumbu (RAM) nyingi, kwa hiyo iendesheni kwenye mashine kubwa.