Maswali kwa Fundi: Mrudishie Shemeji Grainda Yake

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nina Demio nyeusi ninayobebea abiria. Jua likipiga boneti naona michirizi ya mviringo kama utando wa buibui. Shemeji yangu ana grainda, na kijana mmoja pale Kirinyaga Road kaniambia ninunue sponji tu niifunge humo, nisiingie gharama ya mashine ya polishi. Nifanye hivyo?
Dereva, Kasarani

JIBU: Mrudishie shemeji grainda yake leo leo. Ile ndogo ya kukatia chuma huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya polishi ya kuzunguka tu huanzia karibu 600 na kuishia 3,000. Utaunguza klia, ile rangi ya juu inayopitisha macho kama kioo, ambayo kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako.

Nayajua haya kwa hasara. Nikiwa kijana katika gereji moja ya Industrial Area, niliachiwa mashine ya kuzunguka na Fielder ya bluu. Nikafika ukingo wa boneti, mtu akaniita, nikageuka kumjibu. Nilipotazama sponji, uji wa kompaundi, ile polishi kali ya kukwangua, ambao ulipaswa kuwa mweupe, ulikuwa wa bluu. Klia ilikuwa imekwisha. Mshahara wa mwezi ule ulimwendea mpiga rangi.

Wewe tafuta ile mafundi tunaiita D.A.: inazunguka huku ikichezacheza kando. Ukiikandamiza kupita kiasi sponji inaacha kuzunguka, na huo ndio uungwana wake kwa mwanafunzi. Kabla ya kulipa soma kibandiko chake: kama imeandikwa volti 110 au 120 ni ya soko la Marekani, na soketi yetu ya 240 itaiua hapo hapo. Usinunue isiyo na gurudumu la kupunguza kasi.

Osha gari, likaushe, ulitie kivulini mpaka boneti iwe baridi mkononi. Bandika utepe wa karatasi kwenye plastiki na kingo. Weka matone manne ya polishi laini, kila moja kama njegere, ushughulike na kipande kisichozidi futi mbili kwa mbili. Igusishe sponji kwenye bodi kabla ya kuwasha, la sivyo polishi itarukia nguo zako. Tandaza kwa kasi namba 2, kisha panda 4 au 5, ukienda polepole, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Futa, mulika kwa tochi ya simu. Michirizi ikiwa bado ipo, ndipo ujaribu kompaundi. Waya upitishe begani. Sponji ikianguka chini usiirudishe kazini kabla ya kuiosha. Vumbi la Kasarani ni msasa.

Mkwaruzo unaonasa kucha uache. Huo ni wa mpiga rangi.

Halafu uchunguze unakooshea gari. Michirizi ya namna hiyo mara nyingi huletwa na kitambaa kilekile kilichofuta rimu kupandishwa kwenye boneti. Nenda na vitambaa vyako viwili vya mikrofaiba, kimoja cha juu, kingine cha chini. Kijana wa kuosha atanuna kidogo, atazoea.