Mstari wako unazama Chongoleani, na hukukosea

SWALI: Shikamoo nahodha. Mimi ni kijana wa Tanga, naenda na mashua ya baba mdogo, mara nyingi usiku, kati ya hapa na Wete, Pemba. Nimesoma kwamba ukishika nyota mbili za mwisho za Dubu Mkubwa, lile kundi la nyota saba za kaskazini, ukavuta mstari mara tano ya nafasi iliyopo kati yao, unafika kwenye nyota ya kaskazini. Nimejaribu pale Raskazone mara tatu, mwishoni mwa Aprili, mvua ilipopumzika. Kila mara mstari unaishia nyuma ya minazi upande wa Chongoleani na nyota sioni. Marehemu babu alikuwa baharia wa majahazi ya Arabuni, na akiitaja sana nyota ya Jaa, akisema haihami. Nakosea wapi? Na kama haionekani, nishike ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea popote. Nyota unayoitafuta iko huko huko mstari wako ulikoelekea, ila iko chini ya upeo wa macho. Ukiwa Tanga hutaiona hata ukikesha mwaka mzima. Wenzetu wa Bagamoyo ndio kabisa, kwao imezama zaidi ya hapa kwa nyuzi 1 na ushei.

Nyota hiyo, Kutubu kwa Kiswahili, Polaris kwa mabaharia wa Ulaya, imekaa karibu kabisa juu ya ncha ya kaskazini ya mhimili wa dunia. Ndiyo maana nyota nyingine zinahama usiku kucha na yenyewe inaonekana imetulia. Mtu aliyesimama kwenye ncha ya kaskazini anaiona utosini. Kila akishuka kusini maili 60 za baharini, yaani nyuzi 1 ya latitudo, nayo inashuka nyuzi 1. Muscat inasimama juu ya maji nyuzi 23 na nusu, Mogadishu nyuzi 2 tu, na kwenye ikweta inalala juu ya maji yenyewe. Tanga iko nyuzi 5 na dakika 4 kusini ya ikweta, basi kwetu imezama kiasi hicho. Umewahi kuliangalia jahazi likiondoka: kwanza unapotea mwili, halafu tanga, mwisho ncha ya foromali, ile boriti inayobeba tanga. Jahazi halijazama, ni mgongo wa bahari umelificha. Na hii ni hivyo hivyo.

Sasa nataka uone ulichokifanya bila kujua. Nyoosha mkono, funga ngumi, fumba jicho moja. Upana wa ngumi yako ni takriban nyuzi 10. Zile nyota mbili zinaitwa Merak na Dubhe. Mwishoni mwa Aprili, saa tatu usiku, zinasimama kaskazini barabara, na Dubhe ndiyo ya chini. Ukipima kutoka Dubhe hadi upeo wa macho utapata ngumi mbili na kitu, kama nyuzi 23. Mstari wako wa mara tano una urefu wa nyuzi 28 hivi. Toa 23 kwenye 28. Zinabaki 5, na hizo 5 ndizo zilizoingia ardhini nyuma ya minazi. Ulidhani umeshindwa kuiona nyota, kumbe umeipima latitudo ya Tanga kwa ngumi. Kwangu hilo ni jambo kubwa, na ningependa kila kijana anayeshika usukani alifanye walau mara moja.

Kitabu ulichosoma kiliandikwa na watu wa kaskazini kwa ajili ya watu wa kaskazini. Wao wanamwona Dubu akizunguka juu kama mnyama anayetembea. Sisi tunamwona amepinduliwa, kama sufuria lililofudikizwa, mpini upande wa kulia. Waarabu waliona jeneza, na zile nyota tatu za mpini wakaziita mabinti wanaolifuata.

Kuhusu babu yako, Mungu amrehemu, alisema kweli kwa safari zake. Jaa ni hiyo hiyo nyota ya kaskazini, Jah ya mabaharia wa Kiarabu, na ukitoka hapa na upepo wa kusi ukaipita Mogadishu, unaendelea kupanda hadi usiku mmoja inachomoza kwenye ukungu wa baharini. Hata wageni waliopita pwani yetu waliliona hilo. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 kuelekea India, na daftari la safari yake linasema Jumapili iliyofuata waliiona tena nyota ya kaskazini, baada ya kuikosa muda mrefu.

Mabaharia wa zama hizo walipima urefu wa Jah kwa vidole, kidole kimoja kikiwa zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu. Chombo chao kilikuwa kamal: kibao kidogo chenye tundu katikati na uzi wenye mafundo. Unauma fundo kwa meno, unanyoosha uzi, ukingo wa chini wa kibao unakaa kwenye maji na wa juu unagusa nyota. Kila fundo ni bandari. Mimi nimetengeneza cha kwangu kwa ubao wa kreti la samaki na uzi wa mshipi, na kinafanya kazi. Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa karne ya 15 aliyeijua pwani hii hadi Sofala, alikuwa na kazi ngumu kuliko yetu, kwa sababu wakati ule Jah ilikuwa mbali na ncha ya anga kwa nyuzi 3 na nusu hivi, na ilibidi kila kipimo kirekebishwe. Leo tofauti hiyo haifiki nyuzi 1.

Na Jah ilipozama walipokuja kusini, hawakukaa gizani. Walishika Farqadani, nyota mbili za Dubu Mdogo ambazo Wazungu wanaziita Kochab na Pherkad. Hizo unaziona kutoka Tanga, nitakuambia lini.

Nikurudie kwenye swali lako la pili, ambalo kwa mtu wa mashua ndilo lenye uzito. Wewe unakwenda Wete. Fungua ramani: Tanga na Wete ziko karibu kwenye latitudo moja. Safari yako ni mashariki kwenda, magharibi kurudi. Nyota ya kaskazini hata ingeonekana ingekuwa ubavuni mwako, si mbele. Ya kukupeleka ni zile nyota tatu zilizopangana mstari kiunoni mwa Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu wanaliita Orion. Ile inayotangulia, Mintaka, iko karibu kabisa juu ya mstari wa ikweta ya anga, yaani ikweta ya dunia ikipandishwa angani, kwa hiyo inachomoza mashariki hasa na kuzama magharibi hasa. Na kwetu hapa inapanda karibu wima. Hata ikifika nusu ya anga, imekengeuka kuelekea kaskazini nyuzi 5 tu. Katikati ya Disemba jua likizama, ndipo inapochomoza upande wa Pemba. Katikati ya Januari inazama kwenye saa kumi za usiku.

Januari moja tulikuwa tunarudi kutoka Wete na kaskazi, tumeng'oa nanga usiku mwingi. Dira ikasema tuko sawa, lakini zile nyota tatu, zilizopaswa kuwa zinashuka mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, zilikuwa zimekaa kulia, ngumi mbili nzima. Kijana wa usukani akashikilia dira. Nikapapasa kwa mkono kuizunguka, nikakuta redio imeegemezwa ubavuni mwa kisanduku. Spika ya redio ina sumaku. Tulipoiondoa, sindano ikageuka polepole, na nyota zikarudi mbele. Tangu siku hiyo siachi kitu chochote karibu na dira, si redio, si simu, si kisu. Nyota haivutwi na sumaku, nayo ndiyo inayoikagua dira.

Jabari anapopotea kwenye mwanga wa machweo, mwezi Mei, shika Salibu, yaani Msalaba wa Kusini. Katikati ya Mei, kama saa tatu na nusu usiku, inasimama wima kusini, na wakati huo huo Dubu Mkubwa yuko kaskazini. Watu wa Ulaya hawapati usiku kama huo. Vuta mstari kutoka nyota ya juu ya Salibu kupitia ya chini, ushuke mara nne na nusu: unafika kwenye ncha ya kusini ya anga, nusu ngumi juu ya maji. Nyuzi 5 zile zile, safari hii upande wa juu. Jihadhari na msalaba wa uongo, ulio mkubwa zaidi na hafifu. Wa kweli una nyota mbili kali kushoto kwake.

Mkondo usiusahau. Katika mlango wa Pemba maji yanakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi yanaongeza kasi. Nyota inakuonyesha omo imeelekea wapi, haikuambii maji yamekubeba wapi. Ukishika mashariki tupu bila kuegemea kusini kidogo, Wete utaipita kwa juu.

Ukiwa nchi kavu na hujiamini kama umeipata kaskazini, angalia kibla. Kutoka Tanga, Makka iko kaskazini kwa tofauti isiyofika nyuzi 2. Msikiti uliojengwa vizuri unakuonyesha mchana kweupe sehemu unayoitafuta usiku, na si ajabu wazee wetu kaskazini waliita kibla.

Sasa ahadi yangu. Katikati ya Juni, mvua zimekwisha, chagua usiku usio na mwezi, simama pale pale Raskazone kati ya saa tatu na nusu na saa nne. Tazama minazi ile ile ya Chongoleani, panda ngumi moja na ushei kutoka ardhini. Utaona nyota mbili zimekaa karibu, ya kushoto kali kidogo na yenye wekundu wa mbali. Hizo ni Farqadani, na Jaa ya babu yako iko chini yao.