Je, yafaa kumzika mama katika kaburi la baba?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe wetu. Marehemu baba alizikwa mwaka 1993 katika makaburi ya mtaani kwetu Temeke. Mama sasa ni mtu mzima sana, anaumwa, na ameusia kwamba akifa azikwe kaburi lilelile la baba. Makaburi yamejaa, na kaburi la baba tulilijengea kwa saruji na marumaru. Baba mdogo anasema kulifungua ni haramu. Tena tunasikia barabara itapanuliwa na huenda makaburi yakahamishwa. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amponye mama yenu na amrehemu baba yenu.

Baba yenu mdogo ameshika jambo zito, msimpuuze. Asili ya kufukua kaburi ni haramu. Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amesema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, ameipokea Abu Daud. Na Imam Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi, katika kitabu chake Minhaj anaharamisha kufukua ila kwa dharura, kisha anataja mifano: aliyezikwa bila kuoshwa, aliyezikwa katika ardhi au sanda ya kuporwa, mali iliyoangukia kaburini, asiyeelekezwa Kibla. Hamu ya kuwaweka wazazi pamoja haimo.

Ila uharamu huu unaufuata mwili. Maiti akishaoza akawa udongo, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanajuzisha kuzika mwingine mahali pale. Makaburi ya Baqii huko Madina yanazikiwa tangu zama za Mtume hadi leo kwa njia hiyo. Na kuhusu kumchanganya mwanamume na mwanamke katika kaburi moja, ikiwa wa kwanza keshakuwa udongo, suala hilo halipo tena.

Watu hutaka nitaje miaka. Sitaji, kwa sababu sheria haikutaja. Katika Muwatta ya Imam Malik kuna habari ya masahaba wawili waliouawa katika vita vya Uhud, Amr bin al-Jamuh na Abdallah bin Amr, ambao kaburi lao lililiwa na mafuriko. Walipofukuliwa ili wahamishwe walikutwa hawajabadilika, na ilikuwa imepita miaka 46. Hiyo ni karama ya mashahidi, lakini inatutahadharisha tusihukumu kwa kalenda. Imam Nawawi anasema warejewe wajuzi wa ardhi ile, kwa kuwa udongo haufanani: mchanga mkavu una mambo yake na mfinyanzi unaotuamisha maji una yake.

Kwetu wajuzi hao ni wale wazee wanaochimba makaburi hapo miaka nenda miaka rudi. Nendeni kwao kabla ya kuja kwangu. Waulizeni makaburi ya umri wa la baba yenu wakiyagusa hukuta nini: udongo mtupu, au mabaki ya kiunza (ubao wa kumfunikia maiti) na mifupa? Wakiwaambia dhana yao yenye nguvu ni kwamba hakuna kilichobaki, inatosha. Siku ya kuchimba jembe liende taratibu, na wakikaribia mwanandani, yaani shimo la ndani anamolazwa maiti, waache jembe watumie mikono. Ukitokea mfupa katikati ya kazi, udongo urudishwe na patafutwe mahali pengine. Ama kaburi likishakamilika ndipo kikaonekana kipande, Imam Shafi ameruhusu kiwekwe pembeni, maiti wa pili azikwe pamoja nacho.

Saruji na marumaru ni jambo linaloniuma. Jabir (r.a.) amepokea katika Sahihi Muslim kwamba Mtume amekataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Makaburi ya wakfu ni ya Waislamu wote. Mkishamwaga zege mmelifunga kaburi lisizikiwe tena, ndipo tunalalamika kwamba makaburi yamejaa! Libomoeni jengo hilo kwa upole, bila kugusa kilicho chini. Huko si kufukua, ni kuondoa kilichokatazwa. Mtume alipomzika sahaba wake Uthman bin Madhun aliweka jiwe kichwani pake, akasema analitambua kwalo kaburi la ndugu yake, na atamzika karibu naye atakayekufa katika jamaa zake. Jiwe linatosha.

Hadithi hiyo pia inawapa njia kuhusu wasia. Wachimbaji wakiwa na shaka, mama azikwe ubavuni mwa baba palipo na upenyo, na mkikosa hapo, makaburi mengine ya Waislamu. Wasia hautekelezwi kwa dhambi, na mama hatalaumiwa wala nyinyi.

Sasa barabara. Tanzania ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayoiruhusu serikali kuyahamisha kwa manufaa ya umma na kugharamia uhamishaji pamoja na ibada zake. Kidini, kuhamisha kwa maslahi ya mtu binafsi hakufai kabisa. Kwa njia ya umma isiyo na mbadala, wanazuoni wengi wa leo wanaruhusu kwa dharura. Ikifika hapo, ndugu mwepo wenyewe. Pazungushiwe pazia, mifupa ikusanywe kwa mikono bila kuvunjwa, ivikwe nguo safi na kuzikwa kuelekea Kibla. Hakuna kuosha upya wala kumswalia tena. Mkikuta udongo tu, hamna cha kuhamisha.

Kwa hiyo anzeni na ofisi ya serikali ya mtaa, leo, mama akiwa hai. Mkithibitisha kwamba barabara inapita hapo, msimzike mama katika kaburi la baba hata kama limekuwa udongo mtupu, kwa sababu mtakuwa mmemlaza mahali mnapojua atafukuliwa mwili wake ukiwa bado mbichi. Mwelezeni hilo kwa lugha laini, akiwa na utulivu, na mumwombe awachagulie mahali pengine.

Wallahu a'lam.