Kuzunguka nchi kwa RAV4 baada ya kustaafu: thamostati, matairi na mteremko wa Kitonga

SWALI: Mwanangu fundi, habari za kazi? Mimi ni muuguzi mstaafu, nina miaka 61, naishi Dar es Salaam. Mimi na mume wangu tumekubaliana tuizunguke nchi hii kwa gari letu wenyewe kabla nguvu hazijatuishia. Tunataka kupita Dodoma, Singida na Mwanza, tuvuke daraja la Kigongo–Busisi kwenda Geita, tufike Kigoma kwa mdogo wangu, kisha Mpanda, Sumbawanga, Mbeya na Iringa, ndipo turudi nyumbani. Hatuna haraka. Dereva ni mimi, maana macho ya mzee yamefifia. Gari ni RAV4 ya 2004, injini ya lita 2, otomatiki, limetembea kilomita 178,000. Miaka yote kazi yake imekuwa kunipeleka hospitali, kanisani na sokoni, na halijawahi kunisumbua. Fundi wa mtaani anasema aitoe thamostati ili gari lisichemshe njiani. Shemeji naye anasema niliuze, niongezee kiinua mgongo, ninunue Prado. Nishauri mwanangu. Na huo mteremko wa Kitonga nitaushukaje na otomatiki?

JIBU: Shikamoo mama. Gari usiuze, na kiinua mgongo kiache kilipo. RAV4 ya umri huo, ikiandaliwa vizuri, inaizunguka nchi hii bila shida. Prado la mtumba utakalolinunua kwa haraka litakuwa na historia usiyoijua, wakati hili la kwako unaijua kila sauti yake. Kitu kimoja tu ndicho kinachonipa wasiwasi katika barua yako, nacho ni hayo maneno kwamba halijawahi kukusumbua. Gari la mjini halisumbui kwa sababu halijadaiwa kitu kikubwa. Rejeta iliyoziba nusu inatosha kabisa kukufikisha sokoni, ila haitatosha ukiwa umepakia mizigo, upepo wa AC umewasha, unapanda kutoka Mbalizi kuingia Mbeya mjini nyuma ya lori linalotembea kama mtu wa miguu. Kwa hiyo kazi yetu ni kuyatafuta magonjwa ambayo Dar haikuyaonyesha.

Nianze na thamostati, kwa sababu ushauri huo nausikia kila wiki na umeshaua injini nyingi. Usikubali itolewe. Thamostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Kwenye Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na namba yenyewe utaikuta imepigwa muhuri kwenye chuma chake. Ukiitoa, injini inatembea ikiwa baridi kwenye barabara tambarare: mafuta yanaliwa zaidi, oili haipati joto la kuchoma unyevu, na ndani kunalika. Ubaya mwingine haujulikani sana. Kwenye injini nyingi thamostati hiyohiyo ikifunguka huziba njia ya mkato ambayo maji hutumia kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukishaitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji haipozwi kabisa, na gari linachemsha mlimani kwa sababu ya ile dawa iliyokusudiwa kulizuia lisichemshe.

Kama ina mashaka, nunua mpya. Kabla haijafungwa, mwambie fundi aitumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni kwako, mbele ya macho yako, mwashe jiko. Maji yakiwa ya vuguvugu itakaa imefunga. Yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni, utaiona inasukuma kidogokidogo mpaka inafunguka wazi, na ukiitoa ikapoa inajifunga tena. Isiyofanya hivyo irudishe dukani siku hiyohiyo.

Kifuniko cha rejeta ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, na wewe mama utanielewa haraka kwa sababu umefanya kazi na otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Pale wodini maji yalifika nyuzi 121 bila kuchemka kwa sababu yalikuwa yamebanwa. Rejeta inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 94. Injini yako inatembea karibu na hapo kila siku. Kinachokuokoa ni kile kifuniko: kikiwa kizima kinayabana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Mpira wake ukichakaa au springi ikilegea, unafika nyanda za juu ukiwa huna akiba yoyote. Angalia namba iliyoandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, na ununue chenye namba ileile. Mtu asikuambie kikubwa zaidi ni bora. Shinikizo la ziada litapasua kitu kingine.

Na kitu hicho kingine mara nyingi ni rejeta yenyewe. Fungua boneti uangalie ile sehemu ya juu ya plastiki. Ikiwa bado nyeusi, vizuri. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, plastiki imeshakauka na siku ya mlima itapata ufa. Badilisha rejeta nzima. Minya mipira ya maji gari likiwa limepoa: uliokakamaa, au uliolegea na kuvimba karibu na bano lake, uondoke. Ndani weka kulanti (dawa ya kupoza injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, kama yale ya betri. Maji ya bomba yana chumvi, na chumvi ndiyo inayoziba rejeta. Mwisho, gari likiwa limesimama linaunguruma, washa AC na uhakikishe feni zote mbili zinazunguka.

Habari njema ni kwamba injini yako inatumia cheni ya taimingi, inayofungua vali za injini kwa wakati wake, si mkanda. Mwenye Noah ya zamani yenye mkanda wa taimingi ambao haukubadilishwa kwa kilomita 100,000 asianze safari kama hii mpaka aubadilishe, lakini wewe hilo halikuhusu.

Sasa matairi. Kwa gari linalotembea kidogo, kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, zitakudanganya. Utaziona nene, utasema tairi bado jipya, kumbe mpira umezeeka ukiwa umesimama uani. Inama kando ya kila tairi utafute neno DOT. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2317 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mara nyingine zimeandikwa upande wa ndani tu, kwa hiyo chukua tochi. Kwa safari yako mimi sitaki tairi lililozidi miaka 6, hata kama linang'aa. Mpira wa zamani ukibebeshwa mzigo kwenye tambarare ya Igunga saa 8 mchana, joto la lami na joto la mwendo vinakutana, na kashata linabanduka. Usinunue matairi ya mtumba. Hapa ndipo kiinua mgongo kitumike.

Usilisahau na la spea. Kwenye RAV4 yako limening'inia mlango wa nyuma, limefunikwa vizuri, na nina uhakika halijaguswa tangu gari liingie nchini. Nalo lina tarakimu nne. Kama gari lako ni la kuvuta magurudumu yote, matairi yote yawe ya saizi moja na yamelika sawa, la sivyo difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, itafanya kazi muda wote mpaka iungue.

Upepo jaza kwa namba zilizo kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na upime asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi la moto likipimwa mchana litaonyesha namba kubwa. Usilipunguze, litashuka lenyewe likipoa.

Umeuliza Kitonga. Kwa mzunguko uliouchagua utakutana na miteremko miwili mikubwa: Sekenke, baada ya Singida, na Kitonga, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni. Sekenke itakufundisha Kitonga, na ninapenda mpangilio huo. Kinachoua breki mlimani ni mguu unaokaa kwenye pedali muda wote. Diski inapata moto, moto unahamia kwenye mafuta ya breki, na mafuta hayo yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 (si ile DOT ya tairi) yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishakunywa maji ya kutosha yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inakwenda mpaka chini bila gari kusimama. Ndiyo maana mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hata kama gari halitembei. Nathubutu kusema ya kwako hayajabadilishwa. Yamwage yote, weka DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha chupa yake kinavyoelekeza, na mtoe upepo kwenye magurudumu yote manne. Pedi na viatu vya breki viangaliwe kwa kufungua magurudumu, si kwa kuchungulia.

Otomatiki yako ina kitufe kando ya rungu la gia. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi, na gia ya nne inafungwa. Fanya hivyo kabla mteremko haujaanza. Unapofika kwenye mdomo wa Kitonga, kanyaga breki mpaka kilomita 40 kwa saa, kisha teremsha rungu kwenye 2. Injini itaunguruma kwa sauti kubwa, mshale wa mizunguko utapanda. Usiogope, haiumii, na mguu ukiwa nje ya petroli injini haichomi karibu chochote. Mwendo ukipanda wenyewe, kanyaga breki kwa nguvu mpaka 30, kisha achia kabisa. Uache upande tena, kanyaga tena, achia. Katika kule kuachia ndipo diski zinapopumua. Ikiwa 2 haishiki vya kutosha, punguza mpaka chini ya 30 na uweke L. Kamwe usiweke N, wala usizime injini kubana petroli. Nguvu ya breki na ulaini wa stelingi vyote vinatoka kwenye injini inayozunguka.

Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali papana pa kusimama, weka P, weka jiwe chini ya gurudumu, subiri nusu saa. Diski usizimwagie maji. Na malori yakikupigia honi nyuma, wapishe kwenye nafasi ya kwanza utakayoipata. Ukifika Ruaha Mbuyuni unaweza kununua vitunguu na kuangalia magurudumu kwa utulivu.

Mafuta ya giaboksi watu huyasahau. Gari lako linatumia ATF ya aina ya T-IV. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, yabadilishwe na mtu anayejua kazi hiyo, na asikuwekee yoyote aliyonayo dukani. Oili ya injini na chujio lake badilisha kabla ya kuondoka, na uangalie kiwango chake kila asubuhi ya safari, mahali palipo sawa. Injini ya kilomita 178,000 inaweza kunywa kidogo kwenye mwendo mrefu. Beba lita moja.

Mizigo iweke ndani na chini. Keria ya juu yenye magunia ya mchele wa Shinyanga inalifanya gari liyumbe kwenye kona, na najua utataka kuununua.

Kuhusu saa: ondoka saa 12 asubuhi, uwe umefika unapolala saa 10 alasiri. Usiku kuna ng'ombe, malori yaliyokufa bila taa na mataa makali yanayokupofusha, na madereva wa rika lako huchelewa kuona tena baada ya mwanga huo. Dar hadi Dodoma, kilomita 450 hivi, inatosha siku ya kwanza. Dodoma hadi Mwanza ni karibu 700, kwa hiyo lala Singida, upate kuishuka Sekenke asubuhi. Daraja lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, hivyo Mwanza kwenda Geita usiihofie. Mpanda jaza tenki, maana mbele yako unapita Katavi, na mbugani si mahali pa kuishiwa. Kila penye kibao cha 50, iwe 50 kweli. Habari za miguu kuvimba na dawa za mzee unazijua kuliko mimi.

Ukifika Mbeya, tenga siku ya gereji kabla ya kwenda Iringa: pedi zipimwe, boliti za magurudumu zikazwe, upande wa chini ukaguliwe, maana utakuwa umetoka kwenye vumbi.

Haya yote yakishafanyika, nenda kwanza Morogoro na kurudi, ukiwa na mizigo yote na mzee kitini, mchana wa jua kali, AC imewashwa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta uangalie. Maji yakiwa yamejaa mpaka shingoni, panga tarehe. Yakiwa yamepungua, hata kwa kidole kimoja, gari lisitoke Dar mpaka ijulikane yamekwenda wapi.