Vazi la kuigiza la kwenda nalo kazini, bila gharama

Pole kwa presha, ndugu yangu. Umesema siku ya kuvaa mavazi ya kuigiza ofisini ni Ijumaa, mfukoni hamna kitu, na sindano hujawahi kuishika. Usinunue chochote kwanza, fungua kabati. Nguo za rangi moja juu hadi chini zinatosha kuwa msingi. Kinachomtambulisha mhusika ni kitu kimoja tu cha kichwani au kifuani.

Mimi niliwahi kuwa nyuki: fulana ya njano, mistari ya utepe mweusi wa mafundi umeme, mabawa ya boksi. Mabawa yale yalinitesa, kila nikikaa yanagonga kiti. Kwa hiyo yakate madogo, kisha jaribu vazi zima nyumbani ukiwa umeketi, unaandika, unapanda ngazi. Utepe ubandike asubuhi ya Ijumaa yenyewe, maana ukibaki muda mrefu huacha gundi kwenye nguo.

Rangi ya usoni ijaribu mkononi siku moja kabla; ikikuwasha, iache kabisa, na ngozi ikivimba muone daktari. Kama kazini kwenu kuna moto au mashine zinazozunguka, hapana kamba wala mikono mipana, na muulize msimamizi mapema. Kabila au dini ya mtu usiigize, wenzako wataumia.