Unapanda Pasheni Ipi? Majibu kwa Wanaoilima Nyumbani

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu pasheni, na karibu kila moja imeeleza mbolea iliyowekwa na dawa iliyopulizwa, lakini imesahau jambo ambalo mimi huliuliza kwanza: je, ni pasheni ya zambarau au ya njano? Zote mbili asili yake ni Amerika Kusini na wataalamu huziita kwa jina moja la Passiflora edulis, ila tabia zao zinatofautiana kiasi kwamba ushauri unaoifaa moja unaweza kumpotezea msimu mzima mwenye nyingine.

Shikamoo bwana shamba. Nina mche mmoja wa pasheni ya njano ambao umefunika uzio wote. Unatoa maua mengi, lakini yote huanguka na sijapata hata tunda moja. Niongeze mbolea gani? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Usiongeze mbolea yoyote kwa sasa, na hasa usiweke yurea, kwa sababu itakuzidishia majani tu. Mche uliofunika uzio na kuchanua sana hauna njaa. Unachokosa ni mwenzake. Pasheni ya njano haiwezi kujichavusha: chavua ya ua lake haizai tunda kwenye ua jingine la mche huohuo, hata maua yawe mamia. Inahitaji chavua kutoka mche mwingine wa njano uliotokana na mbegu nyingine. Nasisitiza mbegu nyingine kwa sababu wapo wanaokata tawi la mche walio nao na kulichipuza kando wakidhani wamepata mche wa pili, kumbe ni mche uleule kwa damu, na maua yataendelea kuanguka. Pasheni ya zambarau kwa kawaida haina shida hiyo, na ndiyo maana jirani yako mwenye mche mmoja wa zambarau anaweza kuvuna huku wewe ukiokota maua.

Panda basi mche wa pili, au miwili, uliotoka kwenye tunda la shamba jingine. Baada ya hapo kuna suala la mchavushaji. Ua la pasheni ni kubwa, na nyuki wa asali mara nyingi hukusanya chavua bila kugusa sehemu za kike zilizo juu. Anayeifanya kazi hiyo vizuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa matundu kwenye mbao kavu na ambaye watu wengi humfukuza kwa hofu. Mwachie gogo kavu pembeni mwa bustani, na usipulize dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka.

Nyuki wakiwa haba, fanya kazi hiyo kwa mkono. Ua la njano hufunguka karibu na saa sita mchana na kufunga usiku, tofauti na la zambarau linalofunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo anayekagua maua ya njano asubuhi huyakuta yamefumba. Subiri kama saa moja baada ya kufunguka. Utaona vichwa vitatu vya kike vilivyo juu kabisa vikiinama kuelekea vifuko vitano vya chavua vilivyo chini yake. Hapo ndipo ua liko tayari, na lile ambalo vichwa vyake vimebaki wima huwa halizai. Chukua chavua ya mche wa kwanza kwa brashi laini au kwa ncha ya kidole, upake vichwa vyote vitatu vya ua la mche wa pili, kisha ufanye hivyo kinyume chake. Usipake kwa uchoyo, kwani kila mbegu ndani ya tunda imetokana na chembe yake ya chavua, na ua lililopata chache hutoa tunda lenye nafasi tupu na juisi kidogo. Siku ya mvua usijisumbue, maana chavua ikilowa hupasuka na kuharibika.

Nimehamia Dar es Salaam nikitokea Lushoto na nimekuja na mbegu za pasheni ya zambarau ya nyumbani. Je, zitazaa huku? (Msomaji, Kigamboni)

Zitaota, na huenda zikakua kwa furaha, lakini usitarajie mavuno ya Lushoto. Pasheni ya zambarau hupenda nyanda za juu zenye usiku wa baridi, na katika joto la pwani huchanua kwa shida. Kwa Kigamboni panda ya njano. Ni chachu zaidi, ila tunda lake ni kubwa na linafaa sana kwa juisi.

Hujambo mwandishi. Pasheni zangu za zambarau zilikuwa na afya, kisha mmoja ukanyauka ghafla na kukauka, na sasa wa pili umeanza. Ninamwagilia maji kila siku bila mafanikio. (Msomaji, Eldoret)

Sijambo. Acha kwanza kumwagilia kila siku, kwani kama ninavyohofia, maji hayo yanausaidia ugonjwa. Kata shina la mche uliokufa karibu na ardhi na utazame ndani. Ukiona mishipa imegeuka rangi ya kahawia, dalili hiyo inaelekea kwenye mnyauko fuzari, ugonjwa wa ukungu unaokaa kwenye udongo na kuingilia mizizini. Ukikuta ganda la shina limeoza pale linapogusana na udongo huku ndani kukiwa kuzima, basi tatizo linaweza kuwa ni uozo wa shina unaoletwa na maji kutuama. Huo wa pili unaweza kuupunguza kwa kuinua tuta, kufungua njia ya maji na kuweka matandazo mbali kidogo na shina. Mnyauko fuzari hauna dawa ya kuuponya mche ulioshikwa. Ung'oe pamoja na mizizi, uuchome, na usipande pasheni ya zambarau isiyobebeshwa, yaani isiyounganishwa juu ya shina la mche mwingine, mahali hapo, kwa sababu ukungu huo huishi ardhini kwa miaka mingi.

Hapa ndipo aina hizi mbili zinaposaidiana kwa namna inayonifurahisha kila ninapoiona. Mizizi ya pasheni ya njano huustahimili ugonjwa huo kuliko ya zambarau, kwa hiyo wenye vitalu huotesha mche wa njano, na shina lake likifikia unene wa penseli hulibebesha kikonyo, yaani kipande cha tawi, cha zambarau. Unapata mizizi migumu chini na tunda tamu juu. Nunua miche ya namna hiyo, na unapoipanda hakikisha kiungo cha kubebeshea kinabaki juu ya udongo. Mizizi ya zambarau ikichipuka hapo na kugusa ardhi, faida yote imekwisha.

Matawi yamejazana mpaka ndani ni giza. Nikate kiasi gani, na lini? (Msomaji, Morogoro)

Maua ya pasheni hutokea kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo tawi lililokwisha kuzaa halitazaa tena mahali palepale. Kata matawi hayo baada ya mavuno makubwa, ukiacha vifundo vichache vitakavyochipua, na uondoe yote yaliyokauka. Mtindo ninaoupendekeza ni huu: shina moja lipande hadi waya ulio kwenye kimo cha mita 2 hivi, likatwe ncha, matawi mawili yatambae kushoto na kulia juu ya waya, na machipukizi yao yaning'inie kama pazia. Yanayokaribia ardhi yakate yaishie kama sentimita 15 juu ya udongo. Usipogoe wakati wa ukame mkali, na usikate mashina makuu ya zamani, kwani mara nyingi hayachipui tena.

Matunda yangu yamekuwa madogo, magumu kama ubao na yamepinda, na majani yana madoadoa ya njano. (Msomaji, Thika)

Hizo ni dalili za virusi vinavyofanya ganda la tunda liwe nene na gumu. Huenezwa na vidukari na pia na mkasi au kisu cha kupogolea. Hakuna dawa. Ng'oa mche huo hata kama bado unakupa matunda mawili matatu, maana unaihatarisha mingine yote. Safisha kisu kwa spiriti kila unapotoka mche mmoja kwenda mwingine, na usipande kunde chini ya pasheni, kwani mimea ya jamii ya kunde inaweza kuhifadhi virusi hivyo.

Je, pasheni huchumwa au huachwa ianguke? Watoto wangu huzila zikiwa bado za kijani. (Msomaji, Unguja)

Wakataze. Tunda changa la pasheni, pamoja na majani yake, lina kemikali zinazotoa sianidi, na kemikali hizo hupungua sana tunda linapoiva. Tena lililochumwa likiwa kijani kabisa haliivi vizuri ndani. Tangu ua kuchavushwa hadi tunda kuiva hupita siku 70 hadi 80 hivi, zaidi mahali penye baridi. Kwa matumizi ya nyumbani acha lianguke lenyewe, uokote kila siku kabla ya jua kali na kabla ya panya, na utandaze majani makavu chini ili lisipasuke. Ganda likianza kukunjamana usilitupe. Limepoteza maji ya ganda tu, na ndani linaonja tamu zaidi.