Besi inaniua mkono nikisimama, nikikaa hainiumi, shida ni nini?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Napiga besi ya nyuzi nne kanisani. Tukifika kwenye sebene kifundo cha mkono wa kushoto kinaanza kuuma, gumba na vidole viwili vinavyofuata vinakufa ganzi, na bega linaniuma mpaka kesho yake. Nyumbani nikifanya mazoezi nimekaa sisikii kitu. Gitaa nalivaa chini, usawa wa zipu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba kaka. Jibu umeshalitaja mwenyewe hapo kwenye zipu. Ukikaa besi iko tumboni, ukisimama inashuka, sasa ili vidole vifike kwenye nyuzi inabidi kifundo kikunjwe, na kikiwa kimekunjwa hivyo halafu vidole vinabana kwa nguvu, mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo unagandamizwa, na ndo huohuo unaohudumia gumba, shahada na kidole cha kati.

Fanya hivi: kaa kwenye kiti kisicho na mikono, weka besi pajani kama unavyofanya mazoezi, vaa mkanda hapohapo umekaa, uukaze mpaka usiwe na ulegevu, halafu simama. Besi isishuke. Utajiona mshamba siku za mwanzo, najua, vijana wengi wanaona besi ya juu haina swaga, lakini Mark King, mpiga besi wa bendi ya Kiingereza ya Level 42, anaivaa karibu na kifua na hakuna anayemcheka.

Kichwa cha gitaa kipandishe kiasi kiwe karibu na usawa wa bega, shingo isilale kama meza. Na acha kuinamisha besi ili uone freti (vile vyuma vya shingoni) kwa mbele, vile vidoti vya pembeni mwa shingo viliwekwa kwa ajili yako.

Gumba likae nyuma ya shingo, usawa wa kidole cha kati, lisikamate. Jipime: toa gumba kabisa, mkono wa kulia ushikilie bodi (kiwiliwili cha gitaa) kidogo kwa kuiegemea, piga noti moja. Ikitoka safi ujue nguvu yote uliyokuwa unabana nayo haikuwa na kazi.

Kitu kingine, besi ya kawaida urefu wa nyuzi ni inchi 34, kwahiyo kutoka freti ya kwanza mpaka ya nne ni kama sentimita 13, gitaa la kawaida ni kama 10 tu. Ukilazimisha kila kidole na freti yake huku chini unajitesa bure. Fanya kama wapiga kontrabesi (ile besi kubwa ya kusimama), shahada, kati, halafu pete na kidogo vibane pamoja, ukishapanda freti ya 5 na kuendelea ndo utumie vyote vinne.

Mkono wa kulia nao usiukunje kwenye ukingo wa bodi, gumba lipumzike juu ya pikapu (kile kidude cha kunasa sauti chini ya nyuzi) basi.

Bega: besi nyingi zina kilo 4 hivi, na mkanda mwembamba wa sentimita 5 unakata bega. Tafuta wa sentimita 8 mpaka 10, wenye ngozi ya kukwaruza ndani. Simama uachie mikono yote, kichwa cha gitaa kikidondoka chenyewe, basi mkono wako wa kushoto umekuwa ukibeba gitaa ibada nzima, na huo mkanda wa kukwaruza ndo utakaolizuia lisiteleze. Nyuzi pia zikiwa juu sana mpelekee fundi, kwenye freti ya 12 milimita 2 hadi 2 na nusu zinatosha. Na mwambie mtu wa mitambo akuongezee monita (spika ya kujisikia mwenyewe), maana usipojisikia utaponda nyuzi tu bila kujua.

Ganzi ikikujia hata usiku umelala, au unaanza kudondosha vitu, pumzisha besi uende kwa daktari, hapo mkanda hautasaidia.

Ila usibadilishe mkanda Jumamosi usiku ukategemea kupiga vizuri Jumapili. Anza Jumatatu, vidole vitapotea kidogo kwenye mistari uliyoizoea.